Popole Misenga: Mkimbizi wa Bukavu aliyepigana judo Rio na Tokyo

Ukiisoma rekodi yake ya Olimpiki haraka haraka, unaweza kupita bila kusimama. Michezo miwili. Katika mapambano ya mtu mmoja mmoja, kashinda moja, kapoteza mawili. Medali hakuna.

Lakini huyu jamaa, Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, ni mmoja wa wanamichezo 10 walioandika historia mwaka 2016. Hao ndio waliounda timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Na ule ushindi wake mmoja una safari ndefu nyuma yake kuliko medali nyingi za dhahabu.

Kwa msomaji wa Ngara na Biharamulo, hii si habari ya mbali. Wakimbizi ni majirani waliopita barabarani, wakalala mashambani, wakauza na kununua sokoni. Swali ni hili: mtoto anayekimbia vita anawezaje kuwa mpiganaji wa kiwango cha dunia? Na ni nini hasa kinachomfikisha huko?

Popole ni nani?

Popole Misenga alizaliwa mwaka 1992 mjini Bukavu, mkoa wa Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC). Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, mpakani na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani.

Utoto wake uliangukia kipindi kibaya. Vita ya kwanza ya Kongo ilianza 1996, na mji wa Bukavu ulitekwa mwishoni mwa Oktoba mwaka huo. Vita ya pili ikafuata kuanzia 1998 hadi 2003.

Akiwa na umri wa miaka 9 hivi, Popole alitenganishwa na familia yake katika mapigano. Alikimbilia msituni peke yake. Kwa maelezo yaliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), alikaa huko siku nane kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa.

Kinshasa ni upande mwingine kabisa wa nchi. Hakuwa na ndugu wala jirani wa nyumbani. Aliwekwa kwenye kituo cha watoto waliopotezana na familia zao kwa sababu ya vita.

Humo ndimo alipokutana na judo.

Kwanza, judo ni nini?

Wengi wanaichanganya na karate. Tofauti yake ni rahisi: karate unapiga ngumi na mateke, judo hupigi kabisa. Unashika nguo ya mwenzako, unamvuta, unamtoa kwenye mizani yake, kisha unambwaga.

Aliyewahi kupigwa mtama au ngwala akiwa mtoto anaelewa wazo lenyewe. Judo imelipanga wazo hilo likawa elimu nzima.

Ilianzishwa na Mjapani Jigoro Kano, aliyefungua shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882. Mchezo unachezwa kwenye mkeka maalumu uitwao tatami (siyo ule mkeka wa kubeti).

Ushindi kamili unaitwa ippon. Unaupata kwa njia hizi:

– Kumbwaga mpinzani chali, kwa nguvu, kasi na kwa mbinu iliyo safi.

– Kumkandamiza mgongo chini kwa sekunde 20 asiweze kujinasua.

– Kumpiga kabali, au kumkunja kiwiko, mpaka asalimu amri.

Ippon moja inamaliza pambano, hata kama zimepita sekunde tano tu. Ndiyo maana katika judo unaweza kuongoza dakika nzima halafu ukapotea kwa kosa moja la mguu.

Kitu cha kwanza anachofundishwa mwanafunzi wa judo si kubwaga. Ni kuanguka. Anajifunza kuanguka bila kuvunja mkono, bila kugonga kichwa, halafu kuinuka. Kwa mtoto aliyetoka msituni bila mama wala baba, mchezo wa namna hiyo ulimpa ratiba na mahali pa kwenda kila siku. Popole mwenyewe amewahi kueleza kwamba judo ilimpa utulivu na nidhamu wakati hakuwa na familia ya kumwongoza.

Kipaji kilichokuzwa kwa adhabu

Popole aliiva haraka. Mwaka 2010 alipata medali ya shaba katika mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 20.

Ila maisha ndani ya timu hayakuwa ya kuonea wivu. Kwa simulizi yake, mchezaji aliyepoteza pambano aliadhibiwa. Alisema aliwahi kufungiwa kwa siku kadhaa akipewa kahawa na mkate tu, kwa kosa la kushindwa.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi wa michezo hulipitia juu juu. Adhabu haimfanyi mpiganaji awe mkali zaidi kwa ufundi. Inamfanya aogope kuanguka. Na mchezaji wa judo anayeogopa kuanguka hujikaza mwili wote, na mwili uliokakamaa ndio rahisi zaidi kubwagwa.

Rio 2013: safari ambayo hakurudi

Mwaka 2013 mashindano ya dunia ya judo yalifanyika Rio de Janeiro, Brazil, kuanzia mwishoni mwa Agosti. Popole alikuwa kwenye msafara wa DRC. Pia alikuwemo Yolande Mabika, dada aliyezaliwa Bukavu kama yeye, aliyetenganishwa na wazazi wake kwa vita kama yeye, na aliyejifunza judo Kinshasa kama yeye.

Walichosimulia baadaye ni kwamba walifika Rio, kiongozi wa msafara akashika pasipoti na pesa zao, na wakabaki hotelini bila chakula cha kutosha. Mchezaji wa kiwango cha dunia, anayetakiwa kupima uzito na kupigana, anashinda na njaa.

Yolande alitoka hotelini, akaenda mtaani kutafuta msaada. Popole naye akaondoka. Hawakujua Kireno, hawakuwa na fedha wala ndugu wa kumpigia simu. Waliomba hifadhi, na Brazil ikawatambua kuwa wakimbizi.

Maisha yaliyofuata yalikuwa ya mtaani kweli kweli. Popole aliishi eneo la Brás de Pina, kaskazini mwa Rio, ambako kuna Wakongo wengi. Alifanya vibarua vya hapa na pale. Akaoa Mbrazili, wakaanzisha familia. Judo ikawa imekaa pembeni.

Mlango wa kwanza: karatasi

Kuna kitu kimoja kinachoonekana kidogo lakini ndicho kilichobeba yote: hati.

Sheria ya wakimbizi ya Brazil ya mwaka 1997 inamruhusu mtu aliyeomba hifadhi kupata hati ya muda na kibali cha kufanya kazi wakati ombi lake bado linashughulikiwa. Halazimiki kukaa kambini. Anaweza kupanga chumba, kupanda basi, kwenda kutafuta kazi upande wa pili wa jiji.

Au kwenda kutafuta ukumbi wa mazoezi.

Hapa kwetu mfumo ni tofauti. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na akitaka kutoka lazima awe na kibali. Kila nchi ina sababu zake za kiusalama na kiuchumi. Lakini kwa mwanamichezo, tofauti hiyo ni kubwa: mmoja anaweza kumfuata kocha alipo, mwingine anasubiri kocha amfuate.

Mlango wa pili: mkeka na kocha

Popole na Yolande walifika Instituto Reação, taasisi ya judo jijini Rio iliyoanzishwa na Flávio Canto, Mbrazili aliyepata medali ya shaba ya judo katika Olimpiki ya Athens 2004. Taasisi hiyo inafundisha watoto na vijana wa mitaa maskini.

Huko walikutana na mzee Geraldo Bernardes, kocha aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Brazil. Ndiye aliyemlea kimichezo Rafaela Silva, binti wa mtaa wa Cidade de Deus aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 2013.

Bernardes aliona tatizo mapema. Wanafunzi wake hawa wawili walikuwa na nguvu, lakini walifanya mazoezi kama watu wanaopigania uhai. Kila mshiko wa mazoezi ulikuwa vita. Ilibidi wafundishwe upya kwamba mwenzako wa mazoezi si adui, na kwamba leo kuangushwa mazoezini hakuna atakayekufungia chumbani.

Kwa lugha nyepesi, kocha hakuanza na mbinu. Alianza kwa kuondoa woga.

Mlango wa tatu: bendera

Hata akiwa mzuri kiasi gani, mkimbizi alikuwa na kikwazo kingine. Kwenye Olimpiki hujiandikishi mwenyewe. Unapelekwa na kamati ya Olimpiki ya nchi yako. Sasa kama nchi yako umeikimbia, na uliyopo bado hujawa raia wake, nani akupeleke?

Oktoba 2015, Thomas Bach, aliyekuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba wakimbizi wenye kiwango wataruhusiwa kushiriki Rio 2016. Wangetumia bendera ya Olimpiki na wimbo wa Olimpiki.

Majina 43 yaliangaliwa. Vigezo vilikuwa kiwango cha mchezo, hadhi rasmi ya ukimbizi na historia ya mtu. Juni 2016 yakatangazwa majina 10:

– Wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliokuwa wakiishi Kenya.

– Waogeleaji wawili wa Syria, Yusra Mardini na Rami Anis.

– Mkimbiaji wa marathoni kutoka Ethiopia, Yonas Kinde.

– Na wana-judo wawili wa Bukavu: Popole Misenga na Yolande Mabika.

Afrika Mashariki ilikuwa imejaa kwenye timu hiyo. Kiongozi wa msafara alikuwa Tegla Loroupe, Mkenya bingwa wa zamani wa New York Marathon. Wale watano wa Sudan Kusini walipatikana kwenye mchujo uliofanyika katika kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kisha wakahamishiwa Ngong kufanya mazoezi chini ya taasisi ya Loroupe. Kwa hao, mlango ulifunguka kwa sababu kuna mtu aliingia kambini kuwatafuta.

10 Agosti 2016

Kabla ya michezo kuanza, Popole alizungumza na waandishi wa habari akalia. Alisema ana ndugu zake wawili wa kiume ambao hajawaona tangu utotoni, hata sura zao hazikumbuki, na akawatumia salamu kupitia kamera. Kwake runinga ilikuwa njia ya kuwatafuta nduguze.

Siku ya pambano ilikuwa 10 Agosti, uzito wa kilo 90. Siku mbili kabla yake, Rafaela Silva, aliyelelewa na kocha yule yule, alikuwa ameipa Brazil dhahabu yake ya kwanza ya michezo hiyo. Ukumbi ulikuwa umechangamka.

Yolande alipigana siku hiyo hiyo, uzito wa kilo 70. Alikutana na Linda Bolder wa Israel, akapoteza mapema.

Popole alianza na Avtar Singh wa India. Akashinda. Mkimbizi aliyefika mji huo bila pasipoti mkononi, aliyelala na njaa hotelini miaka mitatu kabla, alikuwa ameingia 16 bora ya Olimpiki. Mashabiki wa Brazil waliimba jina lake kama vile ni mchezaji wao wa nyumbani.

Raundi iliyofuata ilimkutanisha na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Kwenye makaratasi pambano lile lilipaswa kwisha mapema. Popole alikomaa, dakika zikasogea, kabla ya Mkorea kumaliza kazi kwa ippon. Gwak aliondoka Rio na medali ya shaba.

Ushindi mmoja una uzito gani?

Fanya hesabu ndogo. Wachezaji wa judo wa kiwango hicho huwa na mazoezi mara mbili kwa siku, daktari, mtaalamu wa chakula na safari za mashindano mwaka mzima. Popole alikaa muda mrefu bila mazoezi ya maana, akibeba mizigo ya maisha kama kibarua yeyote. Kushinda pambano la Olimpiki baada ya hapo ni jambo ambalo wachezaji wengi wa nchi zilizojiandaa miaka minne hawakulifanya.

Ndiyo maana rekodi ya mpiganaji haisomwi kwa medali peke yake. Unasoma pia alikoanzia.

Tokyo: nyumbani kwa judo

Hadithi haikuishia Rio. Popole alichaguliwa tena kwa michezo ya Tokyo 2020, iliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona. Safari hii timu ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo 29, sita kati yao wa judo.

Ukumbi ulikuwa Nippon Budokan. Kwa mtu wa judo, hapo ni kama mtu wa soka kuambiwa anacheza Maracanã. Ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, mwaka ambao judo ilichezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Julai 28, Popole aliingia mkekani dhidi ya Krisztián Tóth wa Hungary. Alipoteza raundi ya kwanza. Tóth akaendelea hadi medali ya shaba.

Mara mbili, basi, Popole alitolewa na watu walioishia kwenye jukwaa la washindi. Mtoto aliyejifunza mchezo wa Kijapani katika kituo cha Kinshasa alifika kwenye mkeka maarufu kuliko yote Japani kwa haki yake.

Kama wewe ni mtu wa UFC

Vijana wengi wanaofuatilia ngumi mchanganyiko (MMA) kwenye simu wanaweza kuuliza: judo inahusiana nini na yale mapambano ya kwenye kizimba?

Inahusiana sana. Mwaka 1914 Mjapani mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil. Alimfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie. Familia ya Gracie ikaugeuza ule mchezo wa chini kuwa kile kinachoitwa leo jiu-jitsu ya Brazil. Novemba 1993, Royce Gracie wa familia hiyo hiyo alishinda UFC ya kwanza kabisa, akiwabana wapinzani wakubwa kuliko yeye.

Wana-judo wa Olimpiki nao wamehamia huko. Ronda Rousey wa Marekani alipata shaba Beijing 2008, kisha akawa bingwa wa UFC. Wajapani Hidehiko Yoshida, dhahabu 1992, na Satoshi Ishii, dhahabu 2008, wote waliingia MMA. Kwa hiyo ukiona mtu kwenye UFC anamshika mwenzake kiunoni na kumrusha, asili yake mara nyingi ni ule mkeka wa Kano.

Inagusaje Ngara na Biharamulo?

Watu wazima wa Ngara hawahitaji kuelezwa ukimbizi ni nini. Kati ya 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Benaco, eneo lililokuwa limepewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, liligeuka kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania wakati huo. Baadaye Lukole ilihifadhi Warundi kwa miaka.

Biharamulo nayo ni njia panda. Ukifika Nyakanazi, barabara moja inakupeleka Ngara na Rusumo, nyingine inashuka Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Huko Kasulu ndiko iliko Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita.

Maana yake ni kwamba watoto wa rika lake, wa mji wake, wanaozungumza lugha yake, walikulia umbali wa safari ya basi kutoka Nyakanazi. Wangapi kati yao walikuwa na mwili na moyo wa kupigana Olimpiki, hakuna aliyewahesabu.

Tangu Rio, mlango umepanuka. Timu ya wakimbizi ilikuwa na watu 10 mwaka 2016, 29 Tokyo na 37 Paris 2024. Huko Paris, bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Cameroon anayeishi Uingereza, aliipa timu hiyo medali yake ya kwanza kabisa, shaba.

Ngamba alikuwa na gym na makocha. Wale wa Kakuma walitafutwa kambini. Popole alikuwa na hati, mkeka wa Instituto Reação na mzee Bernardes aliyemwambia kuangushwa si kosa la jinai. Nguvu walikuwa nazo tangu mwanzo. Kilichowatofautisha na wenzao waliobaki ni kwamba kuna mtu alifungua mlango.